Ziara ya Kolo: Jicho Litangulie Maelezo

Wanachuo wengi wanapoandaa ziara ya mafunzo huwaza kwanza usafiri, chakula na barua za ruhusa. Hayo ni ya lazima. Lakini aghalabu husahauliwa kile atakachokifanya mtoto kwa macho yake baada ya kufika. Katika majumba mengi ya makumbusho vitu hufungiwa katika makabati ya vioo, kila kimoja na kadi yake. Mtoto huinakili kadi, akarudi nyumbani pasipo kukitazama kitu chenyewe.

Sisi tulio Dodoma tunayo makumbusho yasiyo na kioo. Ni majabali ya Kondoa, yenye michoro katika mapango zaidi ya 150, yaliyotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tulikwenda huko kwa siku moja na rafiki yetu, mwalimu wa shule ya msingi, ili tuone jinsi ziara ya watoto inavyoweza kupangwa. Kutoka kijiji cha Kolo, kando ya barabara kuu iendayo Arusha, tuliendelea hadi mlimani, tukapanda kwa miguu kwenye pango la Mungomi wa Kolo.

Tulimwomba kiongozi wetu anyamaze kwanza. Mwanzoni jiwe lilionekana jiwe tu. Baada ya dakika kadhaa ikaanza kujitokeza miili myembamba ya rangi nyekundu. Watu watano wamesimama pamoja, na yule wa katikati ameshikwa mikono upande huu na huu. Rafiki yetu akasema anatekwa. Sisi tukasema wanacheza ngoma. Ndipo kiongozi alipotueleza kuwa wataalamu nao wamegawanyika vivyo hivyo. Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951 na kuichapisha kitabuni mwaka 1983, aliona utekaji. Wengine baada yake wameona ngoma ya uganga, wakiifananisha na ile ya Wasandawe. Kiongozi angalitangulia kusema, tusingalibishana, wala tusingalitazama kwa makini.

Kwa hiyo tunashauri mwalimu aanze na maswali mawili: Unaona nini? Kitu gani hapo kinakufanya useme hivyo? Swali la pili ndilo zito, maana humrudisha mtoto kwenye mchoro. Majina ya wataalamu yaje baadaye, kama yatahitajiwa.

Tena Mungomi si mahali pa picha tu. Warangi wamefanya hapo matambiko ya mvua na ya uponyaji. Mtoto aliyeyasikia hayo kwa bibi yake asinyamazishwe eti kwa kuwa hayamo kitabuni. Huenda yeye ndiye mwenye habari nyingi kuliko mwalimu siku hiyo.

Juu ya nidhamu, mikono isiguse ukuta. Wapo wageni humwagia michoro maji ili rangi ing'ae na kupigwa picha, nayo huharibika. Maji yawe ya kunywa tu, na chupa ziachwe nje pamoja na mikoba kabla ya kuingia pangoni.