Komredi, Hospitali Zimetosha

Kila mwaka wa nne, Kisii mjini hadi Nyamira, mradi ni ule ule: mfumo wa kusimamia hospitali, wenye ukurasa wa kuingilia, jedwali la wagonjwa na kitufe cha kuchapa risiti. Ukishapewa alama unazikwa kwenye flashi. Sijaona zahanati hata moja huku inayoutumia. Tuachane na hii kitu.

Kuna kazi nyingine, ndogo na ngumu. Karibu kila anayesoma kompyuta amewahi kuwasha mashine pepe: laptopu yenye Windows ndiyo mwenyeji, mfumo mwingine ni mgeni ndani yake. Mgeni akiwa Ubuntu, unamwekea vyombo vya mgeni vya VirtualBox na mambo yananyooka: skrini inatanuka, unanakili huku unabandika kule, saa zinalingana. Akiwa FreeBSD, diski ile ile ya Oracle haina chochote chake. Vyombo vyake huhamishwa na watu wa kujitolea, na kwa miaka mingi havikuwa hata na folda ya pamoja. Bila vyombo hivyo, funga laptopu uende lanchi. Ukirudi, mgeni bado anadhani ni saa nne asubuhi.

Msimbo haujafichwa. VirtualBox ilifungua wake 2007, na VMware ikafungua wa vyombo vyake mwaka huo huo. Mikono ndiyo haba. Linux huomba kumbukumbu kivyake, FreeBSD kivyake. Kufuli na mafaili nayo yana majina na tabia tofauti. Keneli ikipanda toleo, moduli ya jana inakataa kupakiwa au inaangusha mashine nzima. Hapo ndipo unajua mfumo endeshi ni nini, kuliko zile noti zinazopigwa fotokopi tangu enzi za Kibaki. Wenzao wa OpenBSD walijiandikia draiva ndogo, vmt, ndani ya keneli: inashughulikia saa, kuzima kwa utaratibu na mengine machache, basi. Anza kwa kuisoma hiyo.

Najua utauliza nani atakuajiri kwa FreeBSD. Netflix husambaza video zake kwa seva za FreeBSD. Warsha za AfNOG zimewafunza wahandisi wengi wa mitandao Afrika kwa mfumo huo huo. Na laptopu yako ya giga nne inatosha, mgeni asipopewa madirisha ya picha.

Shida iko kwa watahini. Mtu ataleta kiraka cha mistari arobaini, aulizwe, "Kiolesura kiko wapi?" Chai ya Nyamira tumezoea kuichuma na kuacha bei itoke mnadani Mombasa, programu nazo tunazipokea zimeshafungwa, tunashukuru. Idara zikubali kiraka kiwe mradi kamili. Alama zitolewe kwa kusoma majibizano ya mwanafunzi na watunzaji wa msimbo, hata kama kiraka kilikataliwa mara tatu.

Ukitaka pa kuanzia, ingia kwenye mti wa ports wa FreeBSD, chini ya emulators, utafute virtualbox-ose-additions. Kisha fungua orodha ya hitilafu zake.