Maarifa ya Motokaa: Moshi Mweupe wa Dizeli na Maana Yake

Moshi wa motokaa ni kama ulimi wa mgonjwa. Daktari hutaka kuutazama kabla ya kutoa dawa. Gari la dizeli likitoa moshi mweusi, maana yake dizeli imezidi au hewa imepungua. Likitoa moshi wa buluu, oili inaungua ndani ya silinda. Lakini moshi mweupe una maana mbili zisizofanana hata kidogo, na hapo ndipo wenye pikapu wengi hupoteza fedha zao. Maana ya kwanza ni dizeli iliyopita katika injini bila kuungua. Maana ya pili ni maji ya rejeta yaliyoingia mahali yasipopaswa kuingia. Kosa la kwanza aghalabu humpa mtu nafasi ya kulitafuta kwa utaratibu. La pili laweza kuiua injini kwa safari moja.

Kwanza yafaa ijulikane jinsi injini hii inavyofanya kazi. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeionyesha injini yake ikifanya kazi mwaka 1897, hakutumia cheche ya umeme kuwasha mafuta. Hewa hushindiliwa na pistoni mpaka ikapata joto la zaidi ya digrii 500 za Selsiasi, ndipo dizeli hupulizwa ndani kwa nozeli ikawaka yenyewe. Basi joto hilo likipungua, au dizeli ikichelewa kuingia, au ikiingia kwa matone mazito badala ya ukungu mwembamba, sehemu yake haiwaki. Hutoka katika bomba ikiwa mvuke mweupe wenye harufu kali.

Kwa sababu hiyo wakaao Limuru, Molo au Kinangop huuona moshi huu kuliko wakaao Mombasa. Sehemu hizo ziko zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari, na hewa ya huko uzito wake ni kama asilimia 80 tu ya hewa ya pwani. Asubuhi ina baridi, na hewa ya kushindiliwa ni haba. Tena dizeli yenyewe ikiungua huzaa maji: lita moja ya dizeli hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo kwa baridi huonekana kama mvuke wa sufuria. Moshi mwepesi wa dakika chache asubuhi, unaokwisha injini ikipata joto, usimwondolee mtu usingizi.

Mambo hubadilika moshi ukiwa mzito, au ukiendelea hata injini ikiwa moto. Mathalani, mkulima ana pikapu aliyoinunua kwa mkopo, nayo hupeleka kabichi Nairobi mara tatu kwa wiki. Fundi wa kwanza akimwambia abadilishe nozeli, atabadilisha. Wa pili atasema pampu, naye atalipa. Wa tatu atafungua hedi akute gasketi imeungua tangu mwanzo. Fedha za mavuno mawili zimekwisha, na mkopo bado haujalipwa. Angalifanya majaribio machache nyumbani, angalijua ni upande gani wa kutafuta.

Jaribio la kwanza ni la pua na macho. Mvuke wa maji huyeyuka upesi hewani, wala hauwashi macho. Kama maji ya rejeta yametiwa dawa ya kuzuia kutu, huwa na harufu ya utamu. Moshi wa dizeli isiyoungua huning'inia hewani, hunuka dizeli na hutoa machozi. Karatasi ngumu nyeupe ishikwe mbali kidogo na mwisho wa bomba kwa muda mfupi: maji yatakauka, bali dizeli itaacha doa la mafuta.

Jaribio la pili ni la maji. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, maji ya rejeta yajazwe na alama iwekwe. Yakipungua kila siku wala hapana tone chini ya gari, yanakwenda ndani ya injini. Kisha kifuniko kiachwe wazi na injini iwashwe: mapovu yakizidi kupanda bila kukoma, hewa ya silinda inapita katika maji. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, ni dalili ile ile. Kijiti cha oili nacho kitazamwe. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji. Kamwe kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa moto, maana maji yale huruka na kumbabua mtu uso.

Dalili hizi zikionekana, gari lisimame. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakijaa silinda usiku, na dereva akapiga stata asubuhi, mkono wa pistoni waweza kupinda au kuvunjika. Gari lenye hali hii lisipandishwe mlima wa Mai Mahiu na mzigo kwa tumaini la kufika. Gharama ya kulivuta mpaka kwa fundi ni ndogo kuliko bei ya injini. Na fundi akifungua hedi, mwenye gari aombe ipimwe kama imepinda au ina ufa kabla ya kutiwa gasketi mpya. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni fedha iliyotupwa.

Kama maji hayapungui, jaribio la tatu ni la dizeli yenyewe. Moshi ulio asubuhi tu, pamoja na injini kuwa ngumu kuwaka, huelekeza kwenye plagi za kupasha moto. Fundi huzifungua waya, akaunga taa ndogo ya kupimia kati ya upande wa chanya wa betri na kichwa cha plagi. Plagi isiyowasha taa imekufa. Kama zote ni nzima, atazame fyuzi na swichi yake. Moshi ulioanza siku ile ile mshipi wa injini ulipobadilishwa, au pampu ilipofunguliwa, huonyesha kwamba majira ya kupuliza dizeli yamewekwa nyuma. Moshi unaoendelea pamoja na injini kutetemeka huonyesha silinda moja haifanyi kazi: nozeli inadondosha, au pistoni na vali hazishindilii vizuri. Katika injini za zamani fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine. Ile isiyobadilisha mlio wa injini ndiyo yenye silinda mbovu.

Hapa lazima lionyo litolewe. Katika pikapu za siku hizi, ambazo nozeli zake zaongozwa na kompyuta, jambo hilo la kulegeza nati lisifanywe kabisa. Dizeli ndani ya mabomba hayo hushindiliwa kwa nguvu ya zaidi ya mara 1,000 ya hewa ya kawaida, nayo hupenya ngozi ya mkono kama sindano. Gari la namna hiyo lipelekwe kwa fundi mwenye chombo cha kusoma kompyuta.

Mafuta yenyewe pia yatazamwe. Maji katika tangi huleta moshi mweupe, kwa hiyo kichujio cha dizeli kimwagwe maji yake mara kwa mara. Uchanganyaji wa dizeli na mafuta ya taa ulienea Kenya hata mwaka 2018 ikawekwa kodi ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli, nazo hulika kabla ya wakati wake.

Mwisho ni neno kwa dereva aliyeajiriwa. Wako wanaotia maji katika rejeta kila alfajiri kimya kimya, kwa hofu ya kulaumiwa. Mficha maradhi kilio humfichua. Dereva na amwambie mwenye gari siku ile ile aliyouona moshi, na mwenye gari naye asimkaripie aliyemletea habari, kwani anayekaripiwa leo kesho atanyamaza. Wote wawili hula kwa injini hiyo moja.