Amonia Isiletwe Upesi Ziwani Kwetu

Muhula huu katika mdahalo wa shule rafiki yangu mmoja alisimama akasema kwamba meli za Ziwa Viktoria ziache dizeli zichome amonia, maana amonia haina kaboni, na ikiungua sawasawa hutoa naitrojeni na maji tu. Alipigiwa makofi mengi. Mimi nilipinga, nikashindwa kwa kura. Sasa najaribu kwa kalamu.

Kwanza nakubali kwamba hakusema uongo. Mwaka 1943, wakati wa vita, mafuta yalipokosekana, mabasi fulani huko Ubelgiji yaliendeshwa kwa amonia. Lakini iliongezewa gesi ya makaa ya mawe. Mwaka 2024 mtambo wa umeme wa Hekinan, Japani, ulijaribu kuchoma amonia kadiri ya asilimia 20, na sehemu nyingine yote ilikuwa makaa ya mawe. Kote huko amonia haikuachwa peke yake.

Sababu yake sisi wa Kidato cha Nne twaijua. Kijiti kinachowaka kikitiwa katika mtungi wa amonia huzimika. Katika hewa tulivu mwali wa methani hutembea karibu sentimeta 37 kwa sekunde, wa amonia karibu 7 tu, na wa haidrojeni hupita 200. Kwa hiyo wataalamu huichanganya amonia na haidrojeni au methani ili iwake vizuri.

Lakini ndani ya injini hakuna hewa tulivu. Aliyepata kupika kwa mafiga hapa Musoma anajua tabia ya upepo wa ziwa: ukivuma kiasi, moto huchangamka, ukizidi, hurarua ndimi za moto na mama huanza kuwasha upya (na sisi watoto tulilaumiwa kwa kuacha mlango wazi!). Mwali wa mchanganyiko ni vivyo hivyo. Msukosuko wa gesi huukunjakunja, uso wake ukawa mpana, nao hula mafuta mengi kwa muda mfupi. Tena haidrojeni, kwa kuwa ni nyepesi, hukimbilia sehemu za mwali zilizochomoza mbele. Hivyo mchanganyiko wenye hewa nyingi huweza kuungua upesi kuliko mtu alivyotazamia. Msukosuko ukipita kiasi, mwali hukatika, na amonia nyingine hutoka bila kuungua. Pia waweza kupatikana moshi wa oksidi za naitrojeni, na mojawapo, naitrasi oksaidi, kilo kwa kilo hupasha dunia joto mara 270 hivi kuliko kaboni dayoksaidi. Basi yale "maji tu" ya rafiki yangu yanategemea sana jinsi mwali ulivyotunzwa.

Hilo huenda mafundi wakaliweza. Linalonitia hofu zaidi ni tangi lenyewe. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa dagaa, upande wa Bunda. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Watu waliokufa ni mamia. Dizeli ikimwagika huelea, watu wakaiona na kuizuia. Amonia huyeyuka majini mara moja, na kiasi kidogo tu chaua samaki. Maji ya bomba tunayokunywa hapa Musoma nayo yatoka ziwa hilo hilo.

Maoni yangu ni kwamba amonia ijaribiwe kwanza katika mitambo ya nchi kavu, na isipakiwe melini hapa kabla bandari zetu hazijapata vipimo vya kuigundua na watu waliofundishwa kuokoa. Rafiki yangu anaweza kunijibu katika toleo lijalo. Namwomba aanze na swali hili: tangi likipasuka usiku, wavuvi wakiwa na nyavu zao majini, nani atawaambia wakimbilie upande gani?

Mwanafunzi, Kidato cha IV