Mbenga, Goliath wa Lualaba

Wasomaji wetu wa Kasongo na Kabambare, na hasa ninyi wanafunzi, leo twamtazama mbenga. Mwaka 1898 mtaalamu G. A. Boulenger, mzaliwa wa Ubelgiji, alimwandika vitabuni kwa jina la Goliath, jitu lile lililoangushwa na Daudi. Jina lamfaa: mbenga aliyekomaa hupita urefu wa meta moja, naye aweza kufikia kilo 50.

Makao yake ni mto Kongo na matawi yake, tena ziwa Tanganyika. Hupenda mkondo wenye nguvu, kama ule wa Portes d'Enfer karibu na Kongolo, ambako maji hupigwa na miamba yakajaa hewa. Samaki wadogo wakichoshwa na mkondo, yeye huwararua kwa meno yaliyo kama visu.

Ng'ambo wako watu wamfugao katika masanduku ya kioo. Hununua kitoto kama kidole. Kikikua chadai maji ya maelfu ya lita, yenye uvuguvugu, yasafishwayo na kutiwa hewa kwa mashine. Hata hivyo akishtuka hujigonga kiooni akaumia pua.

Basi, wavulana, kumtia mbenga mchanga katika beseni si kumfuga bali kumwua, kwani hewa ya maji huisha upesi. Nanyi wavuvi, acheni kuvua kwa chandarua. Kitoto cha leo hakijazi hata kiganja; kikiachwa mtoni, kesho chaweza kulisha jamaa nzima.