Majibu kwa Wanasheria wa Mtaa wa Kongo

Kariakoo mtu hakosi ushauri wa kisheria. Winga aliyekuleta dukani anao, bodaboda anao, na dalali wa fremu ndiye anao kupita wote. Mei 2023, maduka yalipofungwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafika Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara, watu walieleza habari za kodi, risiti na usajili wa stoo kwa undani ambao hakuna ofisa angeubeza. Lakini mfanyabiashara huyohuyo akiletewa samansi ya Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara, anaitupia kwenye droo ya kaunta, maana jirani wa fremu ya pili kamwambia "hiyo haina nguvu."

Divisheni hiyo ipo tangu 1999. Ina kanuni zake za mwenendo, Tangazo la Serikali Na. 250 la mwaka 2012, zilizorekebishwa kwa Tangazo Na. 107 la mwaka 2019. Pale zinapokaa kimya, hutumika Sheria ya Mwenendo wa Madai. Hazisemi mengi yanayofanana na maneno ya mtaani. Hebu tuyachukue maneno hayo moja baada ya jingine.

"Samansi usiipokee. Usipoipokea, kesi haiendi."

Huu ndio ushauri uliowagharimu watu kuliko mwingine wowote, kwa hiyo nitakaa nao kidogo. Anayepeleka wito akikataliwa hakunji karatasi zake akaondoka. Sheria inamruhusu kubandika nakala kwenye mlango wa nyumba au wa duka lako, kisha akaiapia mahakama kwamba amefanya hivyo. Ukijificha kabisa, mdai anaomba wito utangazwe gazetini, na tangazo hilo linahesabika kuwa umepewa samansi hata kama gazeti hulishiki isipokuwa la kufungia vyombo. Kukataa kupokea hakusimamishi siku. Kunachofanya ni kukunyima wewe nakala ya madai unayotakiwa kuyajibu.

Na siku zenyewe ni chache. Kanuni ya 20 inampa mdaiwa siku 21 tangu alipofikishiwa wito kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Tuseme umefikishiwa tarehe 3 Machi: mwisho wako ni tarehe 24. Ukichelewa, unaweza kuomba nyongeza, lakini ombi hilo lazima liwe limeingia kabla siku 21 hazijaisha au ndani ya siku 7 baada ya hapo, yaani mpaka tarehe 31 Machi, tena uwe na sababu ya maana. Ukikubaliwa unaongezewa siku 10. "Nilikuwa Guangzhou nafuata mzigo" inaweza kuwa sababu ikiwa pasipoti yako inasema hivyo. "Sikujua" haijawahi kumsaidia mtu.

Siku hizo zikipita, Kanuni ya 22 inamruhusu mdai kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa. Haleti shahidi. Anajaza fomu, anaambatanisha kiapo cha kuthibitisha madai yake na uthibitisho kwamba wito ulikufikia, na jaji anaweza kumpa hukumu. Kanuni hazikumwacha mdaiwa bila mlango kabisa: kabla ya kuikaza hukumu hiyo, mshindi hana budi kuitangaza katika magazeti yasiyopungua mawili yanayosomwa sana nchini, na kuna muda wa kungoja. Mdaiwa naye, chini ya Kanuni ya 23, anaweza kuomba itenguliwe ndani ya siku 21, akieleza kwa kiapo kwa nini hakujitetea. Sasa jiulize utaandika nini katika kiapo hicho ikiwa samansi ilibandikwa kwenye shata la duka lako na vijana wako wote waliiona.

Kuna pia wanaosema, "Nitapeleka siku ya mwisho jioni." Tangu 2018 nyaraka hupelekwa kwa mtandao, na iliyotumwa kabla ya saa sita usiku inahesabiwa kuwa ya siku hiyo. Lakini ada nayo ilipwe siku hiyohiyo. Mabishano ya kama tarehe ya kufungua shauri ni ile ya kutuma au ile ya kulipa yamekwisha kuzimaliza kesi nzuri kabla hazijasikilizwa, na sioni kwa nini yako iwe ya kupimia.

"Mali kauli haina mkataba, kwa hiyo deni lake halishitakiki."

Anayesema hivi mara nyingi ndiye anayedaiwa. Sheria ya Mikataba haidai kwamba kila makubaliano yaandikwe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ndiyo iliyoweka sharti kwa bidhaa za kuanzia shilingi 200 (ndiyo, mia mbili, tangu enzi za mkoloni hakuna aliyejali kuipandisha), lakini sharti hilo linatimia pia pale mnunuzi anapopokea sehemu ya mzigo, au anapotoa sehemu ya bei. Mteja wa Songea aliyebeba katoni 60 za viatu na kukuachia milioni mbili ameshafanya yote mawili. Mkataba upo.

Kinachokosekana ni ushahidi, na hapo Kariakoo inajikata mkono yenyewe. Fungua daftari la madeni la duka lolote la jumla. Utakuta jina la utani, mji, idadi, na "ameacha 2m". Tarehe hakuna. Sahihi hakuna. Pembeni kuna namba ya simu iliyofutwa ikaandikwa nyingine. Nyuma yake kuna risiti ya mashine, na hiyo ndiyo mbaya zaidi: mzigo ulikuwa wa milioni 90, risiti imetolewa ya milioni 9 ili kupunguza kodi. Siku ya kudai, wakili wa upande wa pili hatakuwa na haja ya shahidi. Atakuomba uisome risiti yako mwenyewe kwa sauti. Hapo uchague: ama deni ni milioni 9, ama uliidanganya serikali. Siku ya kuitoa, risiti ile ilionekana ya faida.

Meseji za WhatsApp, kwa upande mwingine, zina nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mahakama hii ilianza kulitafakari jambo hilo mapema: katika Kesi ya Biashara Na. 4 ya mwaka 2000, Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Jaji Harold Nsekela alikubali kwamba chapisho la kompyuta la benki linaweza kupokewa kama kitabu cha benki, wakati sheria ya ushahidi ilikuwa bado inawaza madaftari ya wino. Bunge lilifuata 2007, kisha ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Leo ujumbe wa simu unapokelewa, ila mahakama itapima ulitengenezwaje, umehifadhiwaje, na aliyeutuma anajulikanaje. Picha ya skrini iliyokatwa nusu, namba haionekani, simu yenyewe imeuzwa, haina uzito. Itunze simu.

Wengine huongeza kwamba deni la mwaka juzi limekwisha "kulala". Madai ya mkataba yana miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo. Na mdaiwa akiandika na kusaini kwamba anadaiwa, au akilipa kidogo, hesabu inaanza upya. Wenye kudai wengi hawalijui hili.

"Mimi sina karatasi, lakini jaji akinisikia atajua nasema kweli."

Huyu namhurumia, maana ni kweli amedhulumiwa na ni kweli anajua kusimulia. Lakini katika Divisheni ya Biashara hatasimulia. Ushahidi wa msingi wa shahidi hutolewa kwa maandishi: Kanuni ya 49 inataka maelezo ya shahidi yawasilishwe ndani ya siku 14 baada ya usuluhishi kumalizika. Siku ya kusikilizwa, shahidi anaapa, anayatambua maelezo yake, vielelezo vinapokewa, na mara moja anakabidhiwa kwa wakili wa upande wa pili ahojiwe. Yule aliyepanga kuanza na "Mheshimiwa, mimi na huyu tumetoka mbali" anakuta hadithi yake imeshaandikwa na kufungwa, na lililoachwa nje limeachwa.

Ndiyo maana siku ya kuyaandika maelezo hayo ofisini kwa wakili ina uzito kuliko siku ya mahakamani. Kanuni zinataka yawe, kwa kadiri inavyowezekana, maneno ya shahidi mwenyewe, yataje nyaraka anazozitegemea, na yasiingie kwenye ubishi wa sheria. Hali halisi ni kwamba mashahidi wengi husaini kurasa walizoandaliwa bila kuzisoma. Kwenye mahojiano wanaulizwa aya ya 7 inasema nini, na mtu anatazama dari. Soma kabla ya kusaini. Kama limeandikwa usilolisema, likatae hapohapo.

Na shahidi aje. Yule kijana wa stoo aliyehesabu mzigo, ambaye sasa kahamia Tunduma, asipofika kuhojiwa, maelezo yake yanaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu, na pamoja nayo kila alichokithibitisha.

"Kesi za biashara huchukua miaka kumi. Mchoshe tu, atakuja mwenyewe mpatane."

Kanuni ya 32 imeweka miezi 10, na isizidi 12. Sitadai kwamba kila shauri linamalizika humo; mengine hayamaliziki. Lakini anayetegemea kuchelewesha anakuta mahakama ina ratiba mkononi, na kila ahirisho linadaiwa sababu. Kupatana kwenyewe kumeshawekwa ndani ya mwenendo, kwa hiyo ukitaka kupatana huna haja ya kumchosha mtu kwanza.

"Hiyo ni mahakama ya mabenki na makampuni."

Kwa marekebisho ya sheria ya 2016, shauri la biashara lenye madai ya fedha yasiyozidi milioni 70 linaweza kuanzia mahakama ya wilaya. Kontena moja la bidhaa linakuvusha mpaka huo bila jasho. Wala hulazimiki kwenda Divisheni ya Biashara kwa sababu tu ugomvi wako ni wa biashara: kanuni iliyoianzisha inasema wazi kwamba hakuna anayelazimishwa kufungulia shauri lake humo. Ni hiari ya mdai. Mdaiwa ndiye asiye na hiari akishaitwa.

"Kuna Ibara ya 107A. Makosa madogo yanasamehewa."

Ibara hiyo ya Katiba inasema haki itendeke bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na tangu 2018 Sheria ya Mwenendo wa Madai nayo imeandikwa lengo la kumaliza mashauri kwa haki, haraka na kwa gharama nafuu. Watu wameisikia sehemu ya kwanza tu. Mwaka huohuo wa 2018, Mahakama ya Rufani katika shauri la Mondorosi Village Council dhidi ya Tanzania Breweries ilionya kwamba lengo hilo haliwezi kutumika kwa upofu kuyavuka masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Kosa la tahajia litasamehewa. Siku zilizopita hazisamehewi kwa kutaja namba ya ibara.

"Nikikata rufaa, mali yangu haiguswi."

Inaguswa. Rufaa kutoka divisheni hii huenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani, na taarifa ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 30. Lakini taarifa hiyo peke yake haimzuii dalali wa mahakama. Kuzuia utekelezaji ni ombi la pekee, chini ya Kanuni ya 11 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani, lina siku 14 tangu upewe taarifa ya utekelezaji, na utatakiwa kuweka dhamana. Nimeona mzigo ukipakiwa kwenye kenta saa nne asubuhi huku mwenye duka akionyesha taarifa yake ya rufaa iliyopigwa muhuri. Muhuri ulikuwa halali. Kenta iliondoka.

"Sheria zenyewe ziko kwa Kiingereza, sisi tutazijuaje?"

Hapa wanasheria wa Mtaa wa Kongo wana hoja, na siwezi kuwapinga. Sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapodai. Kanuni za 2012 ziliandikwa kwa Kiingereza, na mfanyabiashara anayeweza kusoma mkataba wa meli mstari kwa mstari bado hawezi kuisoma Kanuni ya 22 inayoweza kumfilisi. Anayemwambia mtu huyo kwamba kutojua sheria si utetezi anasema kweli, lakini asijisifu kwa hilo. Mahakama yenye kanuni za siku 21 ingepaswa kuzitoa kwa Kiswahili na kuzibandika pale wanapopita wanaoshitakiwa, Msimbazi, Aggrey na Narung'ombe.

Mpaka hapo, ikiwa una samansi kwenye droo ya kaunta, itoe leo. Tazama tarehe uliyofikishiwa, hesabu siku 21, andika tarehe ya mwisho juu ya bahasha. Kisha tafuta wakili, na kabla hujampa hata shilingi hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya mawakili katika mtandao wa Mahakama, maana vishoka nao wana ofisi Kariakoo.