Mninga wa Zamani Usiwe Kuni: Piga Msasa Kabla ya Kufikiria Vigae

Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ikisimama Pugu, Soga na Ruvu, madalali wa nyumba wa Kibaha na Kisarawe wamepata wimbo mpya. Ukurasa huu hauna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni na mnunuzi anayepata nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao ngumu, akaikuta imepauka na kujaa mikwaruzo, kisha jambo la kwanza akamwita fundi aing'oe na kuweka vigae. Mbao zinaishia jikoni. Huko ni kuchoma mtaji.

Tupige hesabu. Sebule ya mita 4 kwa 5 iliyotandikwa mbao za unene wa sentimita 2 ina mita za ujazo 0.4 za mbao iliyokwisha kurandwa, bila kuhesabu iliyopotea kiwandani. Ukiipiga msasa ukaondoa milimita 1 nzima, unapoteza mita za ujazo 0.02 tu. Asilimia 95 ya mali imebaki chini ya miguu yako. Vanishi ya mikono mitatu, kwa kadirio la lita moja kwa mita 10 za mraba, ni lita 6. Ongeza msasa, kodi ya mashine na ujira wa fundi, kisha linganisha na bei ya vigae, saruji na kazi ya kubomoa.

Halafu tazama upande wa ugavi. Utafiti wa Antje Ahrends na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa kati ya 1991 na 2005 ukataji wa mbao za thamani ulisogea mbali na Dar es Salaam kwa takriban kilomita 9 kila mwaka. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 kwenye mto Rufiji, malori yalipata njia rahisi zaidi ya kwenda misitu ya kusini. Mninga, mkongo na mvule wa karibu ulikwisha kuliwa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo mlangoni pa Kisarawe, imebanwa na wakata mkaa kwa miaka mingi. Mbao mpya ya aina hiyo inakuja na gharama ya safari ndefu. Ya zamani iko tayari nyumbani, imekauka miaka, na mninga una sifa ya kutopindapinda.

Kazi yenyewe haihitaji miujiza ila haitaki haraka. Kwanza gonga sakafu kwa nyundo: panapolia mvungu pachunguzwe, huenda mchwa wametangulia. Misumari izamishwe, la sivyo itachana msasa. Anza na namba 40, kisha 60, 80 na 120, wala usiruke hatua. Fundi asiiache mashine ikizunguka mahali pamoja, itachimba shimo. Vumbi la mkongo na mvule huwasha pua na macho, hivyo barakoa si anasa. Ikiwa sakafu iliwahi kupakwa nta, iondolewe yote, kwa sababu vanishi haishiki juu ya nta. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vianikwe nje vimetandazwa. Vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Na msimu wa masika si wa kupaka, subiri Juni au baadaye.

Hatusemi kila sakafu iokolewe. Vipande vyembamba vya milimita 8 vilivyokwisha pigwa msasa mara kadhaa havina cha kutoa tena, na palipo na maji yanayopanda kutoka chini, vigae ni jibu la haki.

Kwa mfanyabiashara mdogo, fursa iko kwenye nyumba zinazobomolewa. Nunua vipande, lakini geuza kila kimoja utazame mgongo: vingi viligandishwa kwa lami, na lami huziba msasa na kuutupa mapema. Punguza bei kwa kiasi hicho. Pata risiti yenye anwani ya nyumba ilikotoka mbao, na upite ofisi ya misitu ya wilaya kuuliza karatasi inayotakiwa kabla ya kupakia, maana kwenye kizuizi cha barabarani mbao ya zamani na mpya huonekana sawa, na lori linalosubiri linakula faida.