Mja mzito aelezwe maana ya uzani wake, si kupimwa tu

KILA anapofika kliniki, mja mzito nchini Kenya hupandishwa kwenye mizani na uzani wake kuandikwa katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Aghalabu shughuli huishia hapo. Mama huondoka akijua kwamba ana kilo 84, lakini hajui iwapo kilo hizo ni salama kwake au la, na foleni iliyo nyuma yake haimpi fursa ya kuuliza.

Kimya hicho kina gharama. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya (KDHS) wa 2008-09 ulionyesha kuwa robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wanene kupita kiasi. Kufikia 2014, walikuwa thuluthi moja. Ule wa 2022, uliozingatia wenye umri wa miaka 20 hadi 49, ulipata zaidi ya wanne kwa kila 10. Ingawa umri uliozingatiwa ulitofautiana kidogo, mkondo wa mambo ni bayana: wanawake wengi sasa hushika mimba wakiwa tayari na uzani uliozidi.

Kwa mujibu wa sayansi ya tiba, mama wa aina hiyo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha ujauzito, shinikizo la damu linaloweza kuishia katika kifafa cha mimba, damu kuganda mishipani, na kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua. Hata hivyo, maradhi haya huanza pasipo maumivu. Mama hujihisi mzima, majirani humsifu kwa kunawiri, naye haoni sababu ya kuwa na wasiwasi.

Itakuwa kosa kuuita msimamo huo ujinga. Kwa vizazi vingi, adui wa mja mzito alikuwa njaa. Isitoshe, janga la Ukimwi lilipokithiri katika miaka ya 1990, kukonda kulichukuliwa kuwa dalili ya maradhi, na mwanamke aliyepungua alinyoshewa kidole. Mke mnene, kwa upande mwingine, alihesabiwa kuwa ametunzwa vyema na mumewe. Ushauri wa mama mkwe kwamba mja mzito ale kwa ajili ya watu wawili ulitokana na mazingira hayo.

Lakini mazingira yamebadilika, hasa mijini. Vyakula vya mafuta na vinywaji vya sukari vinapatikana kila pembe, nazo kazi nyingi ni za kuketi. Ushauri uliookoa maisha wakati wa uhaba unaweza kuleta madhara mahali ambapo chakula kimezidi na mwendo wa miguu umepungua.

Fauka ya hayo, kuna hofu nyingine inayovuta upande wa pili. Wapo waja wazito wanaopunguza chakula makusudi katika miezi ya mwisho, wakihofia kuwa mtoto atakuwa mkubwa na watalazimika kufanyiwa upasuaji. Hofu yenyewe ina msingi, kwa kuwa upasuaji una gharama na kidonda chake huchukua muda kupona. Tatizo ni kwamba kujinyima si tiba. Mara nyingi mtoto huwa mkubwa kupita kiasi kwa sababu ya sukari iliyozidi katika damu ya mama, na sukari hiyo hutambuliwa kwa kupimwa. Mama anayejinyima pasipo kupimwa anaweza kukosa madini ya chuma na protini, huku kisukari chake kikiendelea kujificha.

Mwongozo uliotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka wa 2009, na ambao hurejelewa katika mataifa mengi, hauwawekei wanawake wote kipimo kimoja. Mwenye uzani wa kawaida kabla ya mimba anapaswa kuongeza kati ya kilo 11.5 na 16. Aliyekonda anahitaji kilo 12.5 hadi 18, ilhali mnene sana anatosheka na kilo 5 hadi 9. Chakula cha ziada nacho si kingi: karibu kalori 340 kwa siku katika miezi mitatu ya kati, kiasi kinachoweza kupatikana katika chapati moja na kikombe cha maziwa.

Ili mwongozo wa aina hiyo ufae, sharti urefu wa mama na uzani wake wa mapema vijulikane. Wengi huanza kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita, na hapo huwa vigumu kujua walianzia wapi. Aidha, ujumbe hauwezi kuwa mmoja nchini kote. Katika kaunti kame kama Turkana, ambako ukame wa 2020 hadi 2023 uliwaacha waja wazito wengi na utapiamlo, kumwambia mama apunguze chakula ni kumdhuru.

Serikali za kaunti, ambazo zimesimamia huduma za afya mashinani tangu 2013, zina nyenzo za kurekebisha hali hii. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba mja mzito akutane na wahudumu angalau mara nane, na ashauriwe kuhusu lishe na mazoezi. Nao wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, ambao kazi yao ilizinduliwa rasmi Septemba 2023, huingia nyumbani ambamo mume na mama mkwe huamua kinachopikwa. Hao pia wanastahili kuelezwa.

Mazungumzo hayo yafanywe bila kumkejeli mama, kwani aliyeaibishwa kwa unene wake huenda asirudi tena kliniki. Na asiporudi, hakuna atakayempima shinikizo la damu siku ambapo uso wake umevimba na kichwa kinamgonga.